Kichwa cha Chui Kilielekea Wapi

Kati ya Kasongo na Kabambare hakuna mutu asiyeijua kamioni yangu. Nasema hivi bila haya. Baba yangu aliingia Kasongo na pembe la tembo begani, na pembe lenyewe lilikuwa la mutu mwingine. Alikufa bila kuniambia kabila lake, na nadhani hata yeye alikuwa amelisahau njiani. Shuleni kwa mapadri nilikaa kidogo, mpaka siku mwalimu aliponichapa kwa sababu ya kusinzia, nikaenda zangu. Nilitoka pale na herufi kubwa, ndogo sikuzingoja. Lakini uliza leo, wale waliobaki na mwalimu, nani kati yao ana kamioni?

Nilianza na baiskeli. Nilichukua samaki wakavu Nyangwe, nikawasukuma mpaka kwenye makambi ya machimbo upande wa Kabambare, na milima ya kule haina huruma na mutu wa baiskeli. Kisha muzungu mumoja wa pamba aliiacha kamioni yake nyuma ya bohari, ndege wakajenga kiota ndani ya injini. Fundi wa misioni aliitazama akasema hii ni maiti. Nikaichukua hivyo hivyo, nikaifungua kipande kwa kipande, nikaifunga tena, na vipande vilivyobaki sikujua ni vya wapi nikaviweka ndani ya gunia. Ikawaka. Gunia lile liko mpaka leo.

Juu ya kioo cha mbele nikapigilia ubao, nikaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MUKWE WA SULTANI. Kwa sababu mimi, mutoto wa mubeba-mizigo, nisiyejua kaburi la babu yangu liko wapi, nilioa binti ya sultani. Ubao ule niliupenda kuliko injini.

Sasa hapa ndipo mambo yananichanganya, na msomaji akichanganyikiwa pamoja nami asinilaumu. Baba mukwe wangu alikuwa sultani, na hakuwa shefu. Sheferi ile, yaani nchi ya shefu, ilikuwa na ndugu wawili wa baba mumoja. Mukubwa ndiye baba mukwe wangu. Baba yao alipokufa, wazee wakamtazama mukubwa, lakini administrateri wa teritware, muzungu wa serikali, akamtazama mudogo, kwa sababu mudogo alijua kupiga saluti na watu wake walifyeka barabara bila kungoja fimbo. Medayi ikaenda kwa mudogo, ile ya chuma yenye munyororo, shefu anaivaa kifuani. Mukubwa aliingia nyumbani mwa marehemu, akachukua ngozi ya chui ambayo baba yao alikuwa anaikalia, akahama nayo, akaenda kukaa kijiji cha ndani, mbali na barabara.

Tangu siku ile mumoja ana medayi, mumoja ana ngozi. Kodi na pamba watu wanapeleka kwa shefu, kwa sababu kuna polisi. Maneno ya ardhi, ya ndoa na ya kuapishana wanapeleka kwa sultani, kwa njia ya nyuma. Ndugu hawa walikuwa hawasalimiani. Kama kuna kilio cha ukoo, mumoja anafika asubuhi, mwingine anafika jioni, na aliyekufa anazikwa katikati.

Kulikuwa na mutu mumoja tu ambaye wote wawili walimuogopa, ni dada yao mukubwa. Bibi yangu, yule binti ya sultani, alimwita shangazi, mimi nilimwita mama. Alikuwa ameolewa kijiji kilicho karibu na barabara, akawa mujane, akakaa. Kwao, sultani hajikalishi mwenyewe. Dada mukubwa ndiye anamushika mukono na kumukalisha juu ya ngozi. Neno hili nilikuwa nalijua kama mutu anavyojua jina la muti asiokula matunda yake.

Miaka ile hewa yenyewe ilikuwa imebadilika. Kwenye soko la Kasongo watu walianza kusema uhuru, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti ya kuuza samaki. Vijana wa vyama walipita na mashati meupe. Abiria wangu walipandisha neno hilo kwenye kamioni Kasongo, na tulipofika Kabambare lilikuwa limegeuka neno lingine. Mumoja alisema wazungu wakienda, medayi zote zitatupwa mutoni na masultani wa zamani watarudi. Mwingine akasema hapana, hakutakuwa tena sultani wala shefu, kila mutu atakuwa shefu wa nyumba yake. Bibi mumoja muzee akauliza, kama kila mutu ni shefu, nani atafyeka barabara? Nikacheka, nikabadilisha gia. Na kila mara nilitazama ubao wangu. Nilikuwa nimeandika juu yake kitu ambacho dunia ilikuwa inakigombania.

Asubuhi ninayotaka kuieleza, tulitoka upande wa Kabambare na magunia ya mupunga. Bibi yangu alikaa nami mbele, abiria wengine walikaa juu ya magunia. Tulivuka Luama mapema, ukungu bado umekaa juu ya barabara kama maziwa. Tulikwisha kupita njia ndogo inayoingia kijiji cha baba mukwe. Mbele yetu, saa moja ya mwendo au zaidi kidogo, ndiko nyumba ya shefu, kando ya barabara, na bendera.

Chui alitoka kushoto. Sikumwona akitoka, nilimwona tu akiwa yuko. Kamioni ikampiga, ikapiga kelele yake ya vyuma, nikasimamisha. Abiria wakashuka wakidhani ni mbuzi.

Bibi yangu ndiye wa kwanza kujua. Akashuka, akatazama, akageuza uso, akavua kitambaa cha kichwa chake na kunipa bila kutazama tena.

"Mufunike macho," akasema. "Mimi siruhusiwi kumwona usoni. Huyu ni mutu wa kwetu."

Kwa wasiojua desturi ya kule, nieleze. Chui akifa, hata afie wapi, si nyama ya aliyemuua. Ni wa mwenye nchi. Anabebwa kama maiti ya mukubwa, macho yamefunikwa, kichwa kinaelekea nyumbani kwa mwenye nchi, na njia nzima watu wanatazama kichwa hicho kimeelekea wapi, kwa sababu pale ndipo wanapojua nchi ni ya nani. Halafu kuna sharubu. Sharubu za chui ni sumu, zikikatwa ndani ya chakula mutu haponi. Kwa hiyo hakuna anayeachwa peke yake karibu na kichwa mpaka dada wa ukoo aje kuzichoma mbele ya watu wote. Ukimuua chui ukamficha, kisha jirani akaumwa na tumbo mwaka mzima baadaye, wewe ndiye.

Mimi yote hayo niliyafikiri baadaye. Pale pale nilifikiri kitu kimoja tu: ni nani mwingine katika nchi hii ameua chui kwa kamioni? Nikaita wanaume watatu, tukamupandisha juu ya magunia. Kichwa tukakilaza upande wa mbele, kwa sababu upande wa nyuma ndipo watu wanapandia na hakuna aliyetaka kupandia kwenye meno.

Bibi yangu alipoinua macho akaona miguu imeelekea nyuma, akasimama barabarani.

"Unamupeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe ni nani?"

Nikageuka kutazama barabara. Kamioni ilikuwa imeelekea Kasongo. Mbele kabla ya Kasongo iko nyumba ya shefu. Kwa hiyo kichwa cha chui kilikuwa kimeelekea kwa shefu, na mimi, mukwe wa sultani, ndiye nimekielekeza.

"Ukipita na yeye hivi mbele ya bendera," bibi akasema, "umesema mbele ya nchi nzima kwamba baba yangu si kitu. Mimi nitashuka hapo hapo, nirudi kwetu kwa miguu. Utabaki mukwe wa kamioni."

Hakulia, hakupiga kelele. Mwanamuke akikuambia neno kama lile akiwa anafunga kanga yake vizuri, ujue amekwisha kulipima.

Nikasema sawa, nitageuza. Hapo mutu mumoja mujuzi wa maneno, muuza-chumvi wa Kasongo aliyekuwa amekaa juu ya gunia la kwanza, akasema kwa sauti ya upole kwamba nikigeuza, nitakuwa nimemutoa shefu chui aliyekwisha kuelekezwa kwake, na shefu ana polisi, na polisi wanajua kusoma ubao wa kamioni. Barabara ile ilikuwa kila siku yangu. Shefu angeweza kunizuia kila wiki mbele ya bendera ile, akashusha magunia yangu yote moja moja kutafuta ugonjwa wa pamba.

Nikaona njia ya akili. Nikasema sitageuza kamioni, nitarudi nayo kinyumenyume mpaka kwenye njia ndogo ya baba mukwe. Kichwa kitabaki kimeelekea kwa shefu, lakini magurudumu yatakwenda kwa sultani. Nilijiona mwerevu sana. Nikaanza kurudi. Abiria wakatembea pembeni wakibishana kama desturi inahesabu kichwa au inahesabu mwendo. Muzee mumoja alisema maiti hatembei kinyumenyume isipokuwa ya muchawi. Bibi yangu aliposikia hivyo akapiga mulango kwa kiganja, nikasimama.

Nikageuza kamioni kabisa, kwa shida, kwa sababu barabara ni nyembamba na pembeni kuna mufereji. Kichwa kikaelekea kwa sultani. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wamekwisha kufika, wengine na majembe mikononi, na nusu yao wakashangilia na nusu wakanung'unika. Nikaona uso wa kapita wa pale, mutu wa shefu, namna alivyokaza midomo. Nikageuza tena. Sasa ile nusu nyingine ikashangilia. Sijapata kuona siku ambayo usukani wangu ulisikilizwa na watu wengi namna ile, na sikujua nifanye nini nao.

Mwisho nikamushusha, nikamulaza barabarani kwa kukingama, kichwa kuelekea porini, ambako hakuna nyumba ya mutu. Abiria hakuna aliyeondoka bila kutumwa. Kuondoka ilikuwa hatari kuliko kukaa, kwa sababu kama sharubu moja ingekosekana, aliyeondoka ndiye angekuwa nayo. Tukakaa wote kwa duara tukitazamana mikono. Mutu akijikuna, wengine wanageuka. Kapita akatuma mutu kwa shefu, na bibi yangu alikuwa amekwisha kumutuma muzee wa kinyumenyume kwa baba yake, na mwingine kwa shangazi.

Kabla hawajafika, akapita polisi wa teritware juu ya baiskeli. Akauliza, akaelezwa. Akasema maneno haya yote ni bure: chui ni munyama wa Bula Matari, yaani serikali ya wazungu, ngozi yake inapelekwa ofisini. Na zaidi, amekufa juu ya barabara, na barabara ni ya Bula Matari, basi kitu kinachokufa juu yake ni cha Bula Matari.

Yule bibi muzee wa neno la kufyeka barabara, aliyekuwa kati ya abiria ametulia na kuku wake, akainua kichwa.

"Baba," akamwambia, "mume wangu alikufa juu ya barabara hii tukiichimba. Mbona Bula Matari hakuja kumuchukua?"

Polisi akatazama gurudumu la baiskeli yake. Akasema anangoja shefu, kwa sababu hilo ni neno la shefu. Akaketi nasi kwenye duara, naye tukamutazama mikono.

Shefu alifika kwanza, juu ya baiskeli, suti nyeupe, kofia ya jua, medayi kifuani. Baba mukwe wangu akafika kwa miguu kutoka upande wa pili, na koti lake la zamani na fimbo. Muzee wa kinyumenyume alimubebea ngozi ya marehemu, imekunjwa. Walisimama huku na huku ya chui. Nilikuwa nimesikia maneno yao kwa miaka kutoka kinywa cha watu wengine, sikuwa nimepata kuwaona wamesimama mahali pamoja. Walifanana. Hilo ndilo lilinishangaza kuliko yote. Hata namna ya kushika kiuno.

Kila mutu aliangalia mimi. Nikaanza kueleza ukungu, na breki, na kwamba breki zangu ni nzuri, nilizitengeneza mwenyewe. Shefu akanikatisha. Akasema hana kesi na mukwe, mukwe ametimiza kazi yake, ameleta munyama barabarani, na barabara inakwenda kwa shefu. Baba mukwe akasema, akitazama pori, kwamba barabara inakwenda kila mahali, hata kwa wezi.

Wakaanza hivyo, kila mumoja akiongea na watu, si na mwenzake. Shefu alisema yeye ndiye amewaokoa watu na fimbo, kwamba kama hakupiga saluti kila kijiji kingechomwa, kwamba mwenye nchi ni yule anayesimama mbele ya nchi mvua ikinyesha, si yule anayekaa ndani na ngozi kavu. Alisema vizuri, na watu wengine waliitikia kwa kichwa. Baba mukwe akasema nchi iliyosimamiwa kwa saluti ni nchi ya yule anayepigiwa saluti. Na hilo pia lilikuwa kweli. Nilijikuta naitikia pande zote mbili, mpaka bibi yangu akanivuta shati.

Halafu kwa mara ya kwanza shefu alimugeukia kaka yake.

"Wewe unangoja wazungu waende, upate kiti," akasema. "Wakienda, wanakuja vijana wa mashati meupe. Hao hawajui ngozi wala medayi. Utawaambia nini?"

"Na wewe medayi utawarudishia," baba mukwe akajibu, "ama utakwenda nayo Ulaya?"

Watu wakacheka. Shefu mwenyewe alitaka kucheka, nilimwona, mudomo ulimponyoka kidogo, kisha akaukamata. Nafikiri kama wangeachwa wawili tu pale, siku ile labda wangesalimiana. Lakini watu walikuwa wengi.

Ndipo shangazi akaja. Alitembea polepole katikati ya barabara na kigae chenye makaa, na hakuna mutu aliyethubutu kumupokea. Ndugu wote wawili walikunja magoti kidogo na kumwita yaya, yaani dada mukubwa, kwa sauti za watoto. Aliwapita. Alikuja kwangu.

"Mukwe, wenzako wanaua huyu kwa mukuki, na wanatetemeka. Wewe ulitetemeka?"

"Hapana, mama. Mimi sikutetemeka."

"Basi ulikuwa umelala."

Watu wakacheka tena, na mimi nikacheka, kwa sababu mutu akicheka pamoja na watu wanadhani ni mwenzao. Akachuchumaa. Akang'oa sharubu moja moja, akiinua kila moja juu ili wote waione, akaiweka juu ya makaa. Harufu yake ilikuwa kama nywele za mutu. Alipomaliza akamwaga makaa kwenye mufereji, akayakanyaga kwa muguu wake mutupu, akaniambia:

"Leta jembe. Aliyeua ndiye anachimba."

Sikuelewa. Nikauliza nachimba nini. Lakini nilipomutazama bibi yangu, nikaona ameweka mukono mudomoni, na wazee wote wa pale walikuwa wameinama. Kapita ndiye aliyeninong'oneza. Chui hazikwi. Anachunwa, ngozi inakwenda kwa mwenye nchi, meno na kucha vinagawanywa kwa wakubwa. Anazikwa muzima na ngozi yake wakati mumoja tu: sultani akiwa amekufa na mwingine hajakalishwa. Wakati kiti kiko wazi.

"Yaya," baba mukwe akasema, "mimi niko hai."

"Sikusema umekufa."

"Ngozi ya baba ninayo mimi."

"Unayo. Nani alikukalisha juu yake? Ulikuja ukaichukua kama mutu anavyochukua mukeka penye kilio. Mimi sikukushika mukono."

Shefu akainua uso, akafikiri ameshinda. Akashika medayi yake, sijui kama alijua kwamba ameishika.

"Na wewe usifurahi," shangazi akamwambia. "Hiyo ulipewa na mugeni. Mugeni akienda kwao, utamwambia nani akuamkie?"

"Sasa yaya, nchi ni ya nani?" shefu akauliza. Na nitasema ukweli, hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mutu anayetaka kujua.

Shangazi akapangusa majivu mikononi.

"Nilikataa kumukalisha mutu juu ya nchi yenye bwana mwingine," akasema. "Hata mumoja wenu. Baba alikufa, nikasema nitangoja. Bado nangoja. Siku nchi itakuwa ya watu wake, mutakuja wote wawili mukae chini, mimi nitachagua. Leo kiti kiko wazi. Chimba, mukwe."

Nikachimba. Nilichimba pembeni mwa barabara, kwenye udongo mwekundu, na nasema bila kujisifu kwamba shimo lile lilikuwa zuri, pembe zake zimenyooka. Polisi wa teritware alitaka kusema neno juu ya ngozi ya serikali. Shefu mwenyewe akamwambia anyamaze, na hilo pia sikulielewa, kwa sababu ilikuwa nafasi yake. Tukamuweka chui ndani, kitambaa cha bibi yangu bado kiko machoni. Nilipouliza kichwa kielekee wapi, shangazi alisema nikiweke kama kinavyoangukia.

Ndugu wakaondoka, mumoja huku, mwingine kule. Ngozi ilirudi imekunjwa kama ilivyokuja.

Nikamupeleka shangazi kwake, alikubali kukaa mbele na sisi. Njiani nikamuuliza, kwa heshima, maana ya siku ile ni nini. Nikasema mama, wengine wanasema umewatukana ndugu zako, wengine wanasema umewaokoa wasiuane. Mimi mwenyewe nasikia umesema kwamba mpaka wazungu waende hakuna mutu aliye kitu. Ni lipi? Akaniuliza kama kamioni inakula mafuta mengi kwenye milima. Nikasema inakula. Akasema hivyo ndivyo alivyofikiri.

Tulipomushusha, bibi yangu alitazama ubao kwa muda murefu.

"Asubuhi nilikuwa binti ya sultani," akasema. "Sasa mimi ni binti ya nani?"

Nikamwambia baba yake ni baba yake tu. Akasema hilo analijua, hakuuliza hilo.

Mutu angefikiri mambo yalitulia. Hayakutulia. Shefu aliendelea kuvaa medayi, lakini alipopita njia ile na baiskeli alishuka penye kaburi, akatembea kwa miguu, kisha akapanda tena. Baba mukwe aliendelea kukaa juu ya ngozi, lakini bibi yangu aliniambia kwamba wageni wakija sasa anakaa kwenye kiti cha kawaida, ngozi iko chini ya kitanda. Kila mumoja alianza kumutumia shangazi vitu, mumoja nyama ya porini, mumoja sukari na blanketi. Wote wawili walikuwa wanangoja uhuru kuliko vijana wa mashati meupe. Hata shefu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimuuliza muuza-chumvi kama Kasongo wamesema siku.

Na shangazi akafa. Kiangazi, kabla ya uhuru, kwa kikohozi tu. Bendera ya zamani ilikuwa bado juu. Ndugu wote wawili walifika kilioni asubuhi ile ile, na hakuna aliyengoja mwingine aondoke. Waliketi mukeka mumoja. Dada mwingine hawakuwa naye. Nilisikia wazee wakiulizana kwa sauti ya chini nani sasa atamushika mutu mukono, na nani anajua alikuwa amemuchagua yupi, na kama alikuwa amechagua. Hakuna aliyejua. Walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimeketi naye kwenye kamioni. Wakafikiri aliniambia.

Aliniuliza juu ya mafuta. Nimekwisha kuwaeleza mara nyingi, na nimeona hawaniamini. Kuna usiku mwenyewe sijiamini, nafikiri labda mule ndani ya neno la mafuta na milima kulikuwa na jibu, na mimi niliyejifundisha injini peke yangu nilishindwa kulisikia.

Uhuru ulikuja. Ndugu wote wawili, sasa wazee, wakatuma watu kwangu katika wiki moja, kila mumoja kwa siri, kuniomba niwaonyeshe, chini ya majani yaliyoota, mahali penyewe nilipochimba, wajue kichwa kiliangukia kuelekea wapi. Nikawaambia watokee wote wawili, nitawapeleka kwa kamioni, mara moja. Hawajajibu mpaka sasa.

Ubao nao mvua inaula. Kila mwaka nashuka na rangi nyekundu kuupaka upya. MUKWE napaka haraka, WA napaka haraka. Halafu nasimama na burashi mukononi, rangi inadondoka juu ya viatu, na bibi yangu anatoka barazani kunitazama, wala hasemi niandike, wala hasemi niache.